Dirisha ni ishara ya uhuru, haya, halafu?

"Shikamoo mwalimu. Mimi nasomea ualimu, mwaka wa pili, masomo yangu ni Kiingereza na Kiswahili. Tulipewa asaimenti ya hadithi fupi ya Kate Chopin inaitwa The Story of an Hour, tueleze ishara na dhamira. Nikaandika dirisha ni ishara ya uhuru, majira ya machipuko ni ishara ya maisha mapya, moyo ni ishara ya mapenzi, na dhamira ni ndoa, uhuru na kifo. Nimepata 8 kwa 20. Pembeni lekchara kaandika 'halafu?' mara tatu na kwenye dhamira kaandika 'hii ni mada'. Rafiki yangu tunayekaa chumba kimoja kaandika kwamba dirisha linamdanganya yule mama, yaani kinyume changu kabisa, kapata 15. Sasa mwalimu hapo haki iko wapi? Kama kila mtu anasema lake, kwa nini mimi nikose? Na kwanza nani kasema mwandishi alikusudia hayo yote, labda kaweka dirisha kwa sababu nyumba zina madirisha. Naogopa sapu, yaani kurudia mtihani."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hizo 8. Hiyo ya nyumba kuwa na madirisha imenichekesha lakini nakwambia ukweli, ndo sentensi nzuri kuliko zote ulizoandika, na kama ungeianzia hiyo kwenye asaimenti ungepata zaidi ya 8. Nitairudia.

Ninavyokuelewa wasiwasi wako hauko kwenye maksi tu. Unahisi somo lenyewe ni kubahatisha, mnatupa mawe gizani na lekchara ndo anajua embe liko wapi. Siyo hivyo, ila naelewa kwa nini unaona hivyo, maana wengi tumefundishwa ishara kama tulivyofundishwa msamiati, njiwa ni amani, nyekundu ni hatari, giza ni ujinga, unakariri orodha kisha ukiona njiwa kwenye hadithi unaandika amani unasonga mbele. Kwa mtindo huo hata mtu ambaye hajaifungua hadithi anaweza kujibu swali, na hapo ndo "halafu?" zote tatu zilipotoka.

Kwa wasioijua hadithi yenyewe, ni fupi mno, maneno kama elfu moja, unaimaliza chai haijapoa. Ilitoka kwenye jarida la Vogue Desemba 1894. Mama mmoja, Bi Mallard, ana ugonjwa wa moyo. Inakuja habari kwamba mumewe Brently kafa kwenye ajali ya treni. Dada yake Josephine anamwambia kwa kuzungukazunguka wakiogopa moyo usije ukasimama, na Richards rafiki wa mume yuko hapohapo. Analia sana, kisha anapanda chumbani peke yake anafunga mlango, anakaa kwenye kiti kinachotazama dirisha lililo wazi. Pale taratibu anagundua kitu kinachomtisha hata yeye mwenyewe, kwamba yuko huru. Anainuka, anashuka ngazi na dada yake, na wakati huohuo mlango wa mbele unafunguliwa, anaingia Brently na begi lake na mwavuli, hata hakujua kama kulikuwa na ajali. Mama anaanguka na kufa. Madaktari wanasema kauawa na furaha. Imeisha.

Sasa tuachane na Marekani kidogo twende uswahilini. Mama fulani kanunua kanga imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Akiwa nayo jikoni anapika, ni kanga. Akimbebea mtoto, ni kanga. Siku moja anaivaa kwenda kwenye shughuli ambako anajua jirani aliyegombana naye wiki iliyopita atakuwepo, anapita mbele yake mara ya kwanza, anarudi, anapita tena, halafu anasimama kampa mgongo maandishi yasomeke vizuri. Hapo hakuna mwanamke kwenye ile shughuli atakayesema nani kasema amekusudia, labda kavaa kanga kwa sababu watu wanavaa kanga. Wote wameshaelewa, na aliyelengwa kaelewa kuliko wote. Wameelewaje wakati kanga ni ileile ya jikoni? Kwa mahali ilipovaliwa, mbele ya nani, baada ya ugomvi gani, na kwa kurudiarudia kule kupita. Unaona basi unazo akili zote za kusoma ishara, ulizaliwa nazo huku pwani au bara kokote uliko, ila ukifika darasani unaziacha mlangoni pamoja na viatu.

Na uangalie kitu kimoja zaidi, kanga haikuacha kuwa kanga, bado imemsitiri. Ishara kwenye hadithi ni hivyohivyo, kwanza kitu chenyewe kinafanya kazi yake ya kawaida na uzito unaongezeka juu yake. Dirisha la Bi Mallard kwanza ni dirisha, linaingiza hewa kwa mtu aliyelia mpaka kachoka. Ndo maana sentensi yako ya madirisha ni nzuri. Ndiyo, nyumba zina madirisha, ila nyumba ina na vitanda, makabati, mapazia, picha ukutani, na Chopin kwenye maneno elfu moja hana nafasi ya kutupa. Chumba kizima kile katutajia dirisha na kiti kinacholitazama, basi. Swali lako lilitakiwa liwe hilo, katika vitu vyote vya chumbani kwa nini kabakiza dirisha tu na kwa nini kalifungua.

Haya twende dirishani tukae naye. Anaona vilele vya miti vinatetemeka kwa uhai mpya, kuna harufu ya mvua hewani, mchuuzi anatangaza biashara yake mtaani, mtu anaimba mbali, shomoro wanapiga kelele kwenye paa, na vipande vya mbingu ya bluu vinachungulia kati ya mawingu. Wewe ukaandika "uhuru". Sawa, si uongo, ila sasa angalia kile ambacho dirisha haliwezi kufanya. Kwenye dirisha la ghorofani unaona, unanusa, unasikia, ila hutoki. Kutoka ni mlangoni. Sasa hesabu milango ya hadithi hii. Mlango wa kwanza ni wa chumba, kaufunga mwenyewe, na dada yake kapiga magoti nje mdomo kwenye tundu la ufunguo anambembeleza afungue asije akaugua. Anaufungua kwa hiari yake, anatoka macho yanawaka, anatembea kama mungu wa kike wa ushindi. Mlango wa pili ni wa mbele ya nyumba, na huo hafungui yeye, unafunguliwa na mumewe, kwa ufunguo wake mumewe. Hajafika hata nje. Uhuru wote aliowahi kuupata ni wa kutoka kitini mpaka chini ya ngazi.

Hapo ndo rafiki yako alipopata 15. Sijaiona karatasi yake, nakisia, ila kama aliandika kwamba dirisha linampa mama picha ya maisha ambayo mlango utakuja kumnyima, basi hajasema kinyume chako, kaanzia ulipoishia. Wewe umesema dirisha ni uhuru ukaweka nukta. Yeye kauliza uhuru wa namna gani, wa kuutazama au wa kuutembea. Kwa hiyo haki ipo, siyo kila mtu anasema lake. Tafsiri mbili zinaweza kusimama pamoja, lakini zipo nyingi nyingine ambazo haziwezi kusimama hata dakika.

Nikupe mfano wa isiyosimama maana kila mwaka naisoma. "Dhamira ni ukatili wa wanaume kwa wake zao." Mwanafunzi kashaona mke kafurahi mume kafa, basi lazima mume alikuwa anapiga. Rudi kwenye hadithi. Inasema wazi mikono ya Brently ilikuwa ya upole, uso wake haukuwahi kumtazama mkewe isipokuwa kwa upendo, na mama mwenyewe anajua atalia tena akiiona ile mikono imekunjwa kwenye maiti. Anasema alimpenda mara nyingine, mara nyingi hakumpenda. Sasa huo ukatili umeutoa wapi? Umeutoa kwenye kichwa chako, au kwenye tamthilia uliyoangalia jana. Na ukiulazimisha unaiua hadithi, maana kama mume ni katili basi hamna cha kufikiria, kila mtu anafurahi katili akifa. Ugumu wote uko kwenye kwamba mume alikuwa mtu mwema na bado mke alipumua alipoambiwa hayupo.

Nasogea kwenye dhamira sasa, na hapa kwanza nikuondoe mkanganyiko wa maneno maana unasoma vitabu vya huku na vya Kenya. Huku kwetu Tanzania tunasema maudhui kwa jumla ya yote yanayosemwa na kazi, na dhamira ni sehemu mojawapo ndani yake pamoja na ujumbe, migogoro, msimamo. Wenzetu Kenya kwenye mitihani yao wakisema maudhui mara nyingi wanamaanisha kile sisi tunaita dhamira, na dhamira kwao iko karibu na lengo la mwandishi. Hamna aliyekosea, ila ukichanganya kwenye pepa moja utaonekana hujui lolote, kwa hiyo fuata ya lekchara wako.

Lakini kosa lako siyo hilo. Umeandika ndoa, uhuru, kifo. Hayo ni majina ya mada, ni kama nikuulize jana mlikuwa mnabishana nini na jirani ukanijibu "maji". Nimejua mlikuwa kwenye maji, sijajua mlisema nini kuhusu maji. Dhamira inatakiwa iwe na kitenzi, iwe kitu ambacho mtu anaweza kukipinga. Jaribu kuigeuza sentensi, hadithi hii inasema nini kuhusu ndoa? Kuna pahali mama anawaza kwamba wanaume na wanawake, wote wawili kawataja, wanaamini wana haki ya kumlazimisha mwenzao afuate matakwa yao, na kwamba iwe kwa nia nzuri au mbaya kosa ni lilelile. Ukilishika hilo utaandika kitu kama hiki: hata upendo wa kweli unaweza kumfunga mtu, kwa sababu anayekupenda anakuamulia na huwezi hata kumlalamikia. Hiyo sasa mtu anaweza kuipinga, na wapo wanaoipinga, kuna wahakiki wanaomsoma Louise, ndo huyohuyo Bi Mallard, kama mbinafsi au mtu anayejidanganya kwa saa moja la homa ya hisia. Mi siwafuati lakini wana pa kushika, hadithi inasema macho yake yalikuwa na ushindi wa homahoma. Ukishaona dhamira yako ina mpinzani jua umefika.

Na ukishaipata sentensi hiyo irudishe kwenye ishara zako uone kama zinaungana nayo. Chukua moyo. Uliandika moyo ni mapenzi, hiyo ni ile orodha ya kukariri. Kwenye hadithi moyo unatajwa sentensi ya kwanza kabisa kama ugonjwa, na unarudi sentensi ya mwisho kabisa kama ugonjwa, na bahati nzuri Kiswahili kinatubeba hapa kwa sababu kwetu pia mtu mwenye "shida ya moyo" anaweza kuwa anahitaji daktari au anahitaji wa kumsikiliza. Kila mtu kwenye ile nyumba anaulinda huo moyo. Dada anazunguka maneno kuulinda, Richards kawahi kuleta habari kabla hajaileta mtu asiye mwangalifu, mwishoni anaruka kumkinga Brently asionekane, kachelewa. Wote wanamlinda na hakuna hata mmoja anayejua ndani ya moyo kuna nini. Madaktari nao wanakuja wanatia muhuri kwamba ni furaha. Sisi wasomaji peke yetu ndo tunajua alichokipoteza, na hiyo kejeli ndo mwisho wake mtamu. Umeona moyo ulivyoungana na dhamira ya kuamuliwa? Watu wanaokupenda wanaulinda moyo wako bila kukuuliza unaumwa nini.

Kitu kingine kidogo ambacho nilikisoma mara nyingi kabla sijakiona, naona hata aibu. Mwanzoni anaitwa Bi Mallard, jina la mume. Jina lake mwenyewe, Louise, linatokea mara ya kwanza pale dada yake anapomwita kupitia tundu la ufunguo, yaani akiwa ndani, peke yake, huru. Halafu Brently anapoingia, Richards anamkinga asionwe na nani? Na "mke wake". Jina limeondoka tena. Hicho hakihitaji kamusi ya ishara, kinahitaji kalamu tu ya kuzungushia majina.

Kuhusu machipuko kuwa na tahadhari. Sisi hatuna majira hayo, kwa hiyo unaandika "maisha mapya" kwa sababu umesoma mahali, hujahisi. Huko Missouri alikozaliwa Chopin baridi inavua miti majani miezi kadhaa inabaki kama mifupa, kisha yanarudi. Ukitaka kuhisi fikiria zile siku mvua za kwanza zinapiga vumbi la kiangazi na harufu ya udongo inapanda. Lakini usihamishe tu kila kitu kizimakizima, mvua kwa mtu wa Dodoma anayesubiri kupanda siyo mvua ya mtu wa bonde la Jangwani pale Dar es Salaam anayehamisha magodoro juu ya kabati. Bundi kwetu ni uchuro, kwa Wazungu yuko kwenye nembo za elimu. Kwa hiyo ishara inasomwa kwanza kwa watu wa hadithi wanavyoiona, siyo bibi yako anavyoiona, isipokuwa hadithi iwe ya kwa bibi yako. Niliwahi kuuliza darasani kwa nini kiti kinatazama dirisha, binti mmoja akasema mwalimu kwetu kiti cha dirishani ni cha kuchungulia nani kapita na nani. Tulicheka sana, ila alikuwa karibu na ukweli kuliko waliosema uhuru.

Sasa la mwandishi kukusudia. Hujaanza wewe. Mwaka 1963 kijana wa miaka 16 huko California, Bruce McAllister, alichoka na walimu wake kama wewe, akawatumia waandishi 150 dodoso akiwauliza kama wanaweka ishara kwa makusudi. Karibu nusu walimjibu. Wapo waliokataa, Jack Kerouac alisema hapana, Ray Bradbury akasema haweki kwa makusudi, ni bora kuiachia akili ya ndani ifanye kazi hiyo. Hemingway naye mwaka 1952 alimwandikia rafiki yake kwamba kwenye hadithi yake ya mzee na samaki hamna ishara, bahari ni bahari na mzee ni mzee. Lakini ukisoma jibu la Bradbury vizuri hajasema hazipo, kasema hazipangi. Fundi anayechonga mlango kwa miaka 30 hafikirii kila anapopiga patasi, na bado nakshi inatoka imepangika. Kwa hiyo usijenge hoja yako juu ya "mwandishi alitaka kusema", huna simu yake. Jenga juu ya "hadithi inafanya hivi, hapa, na hapa tena".

Maisha ya mwandishi yanasaidia ila yasikubebe. Baba yake Chopin alikufa kwenye ajali ya treni 1855, binti akiwa na miaka 5 tu, na yeye mwenyewe alifiwa na mume 1882 akabaki na watoto sita. Ukijua hivyo treni ya hadithini inakupa baridi mgongoni. Lakini haikuthibitishii chochote kuhusu dirisha.

Na siyo kila kitu ni ishara tafadhali. Mwavuli wa Brently nimeshausoma kama "ulinzi wa ndoa" mara nyingi, mi naona mwavuli ni mwavuli, mtu katoka safari na kuna dalili ya mvua. Umetajwa mara moja, haubadiliki, hauguswi na kitu kingine. Ukiuondoa hadithi haitikisiki. Liondoe dirisha uone.

Kuhusu noti za mtandaoni, sitakwambia usisome maana utasoma tu. Soma hadithi kwanza mara mbili na kalamu, andika vitu vitatu vilivyokusumbua, hata kama ni upuuzi, ndo ufungue noti. Ukianza na noti utaona walichoona wao, na kila lekchara anazijua zile noti kwa harufu.

Hizo maksi sasa. Mi nimesoma ulichoniandikia, sijasoma karatasi, kwa hiyo siwezi kukuhukumia kesi. Nenda ofisini kwa lekchara saa zake za wanafunzi, usiende na "mbona fulani kapata 15", hiyo inafunga mlango kabla hujakaa. Nenda na aya moja tu ya dirisha uliyoiandika upya, muulize je hii inajibu ile "halafu?" yako. Na kama ni koswek, yaani kazi za muhula zinazohesabiwa kwenye matokeo, uliza mapema kama kuna nafasi ya kurudia, usisubiri mpaka sapu. Kama tatizo ni Kiingereza cha hadithi chenyewe, na kwa wengi ndo tatizo ambalo hawalisemi, tafuteni watu watatu wanne mkae msome kwa sauti, hadithi hii inasomeka kwa dakika saba nane hivi, huyo wa chumbani kwako aanze.

Na ukikaa naye muulize swali langu moja. Kabla mama hajasema "huru" kuna kitu kinamjia kutoka angani kupitia sauti na harufu za dirishani, na yeye anajaribu kukisukuma kisimpate, anashindwa. Kama dirisha lilikuwa linamdanganya, mbona alipigana nalo kwanza? Akikujibu niandikie, maana mi bado sijapata jibu linaloniridhisha.